Mfanyakazi na Kodi ya Miezi Sita

Wasomaji wa gazeti letu la shule, muhula uliopita mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu aliuliza katika mdahalo: kwa nini watu wa Dar es Salaam hulalamika juu ya nyumba, hali kila aliyekwenda huko hurudi akisema kwamba nyumba mpya zinajengwa kila siku? Siku ile sikupata nafasi ya kumjibu, maana kengele ya chakula ilipigwa, nanyi mwajua kengele ile haina mpinzani. Basi nataka kumjibu leo. Mimi kwetu ni Mbagala, wilaya ya Temeke, na nyumba tunayokaa si yetu. Tangu nizaliwe tumehama mara 5. Kwa hiyo katika haya nitakayoeleza, mengine nimeyasoma na mengine nimeyabeba kichwani pamoja na godoro.

Kwanza yafaa wale ambao hawajafika huko wajue nyumba zenyewe zilivyo. Nyumba nyingi za Tandika, Mbagala, Mwananyamala na Tandale ni zile ziitwazo nyumba za Kiswahili. Ukiingia mlangoni wakuta ukumbi mrefu unaokwenda mpaka uani, na kila upande wa ukumbi vyumba 3. Uani kuna choo, bafu, mahali pa kupikia na kamba za kuanikia nguo. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki huvipangisha, kila chumba na watu wake. Mita ya umeme ni moja, na kila siku ya kununua LUKU huwa na shauri: mwenye friji atoe ngapi, na mwenye taa moja atoe ngapi. Nimeona watu wazima wakinuniana siku 3 kwa ajili ya pasi.

Mtaani kwetu chumba kimoja katika nyumba ya namna hii kilikuwa Sh. 50,000/- kwa mwezi mpaka mwaka jana. Ukisogea karibu na lami bei yapanda, na ukishuka bondeni yapungua. Bei ya bondeni ina sababu yake. Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha, Mto Msimbazi ukafurika, watu wakafa na wengi wakapoteza nyumba zao. Baadaye serikali iliwapa baadhi yao viwanja huko Mabwepande, mbali kabisa kaskazini ya Kinondoni. Anayekaa bondeni hulipa kidogo kila mwezi, kisha mvua ikija huhesabu vyombo vilivyobaki.

Sasa tutazame mshahara. Katika sherehe za Mei Mosi za mwaka 2025 huko Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kutoka Sh. 370,000/- hadi Sh. 500,000/- kuanzia Julai mwaka ule. Lakini wafanyakazi wengi wa Temeke si watumishi wa umma. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha viwanda na biashara kuwa Sh. 150,000/- kwa mwezi. Oktoba 2025 ikatangazwa amri nyingine ya kuongeza kima cha chini cha sekta binafsi kwa wastani wa 33.4 kwa mia kuanzia Januari 2026. Tena wako ambao hawamo katika amri yo yote: fundi cherehani wa barazani, mbeba mizigo wa sokoni, mama lishe. Kwao mshahara ni kile kilichopatikana leo.

Baba yangu hufanya kazi katika kiwanda upande wa Chang'ombe. Mwaka jana alikuwa akipokea Sh. 260,000/- kwa mwezi. Mama huuza chapati na maharage asubuhi, na siku ikiwa njema hubaki na faida ya Sh. 5,000/-. Sisi ni watu 6, tumepanga vyumba viwili, yaani kodi ya Sh. 100,000/- kwa mwezi. Ukimpa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza hesabu hii, mtu apata 260,000 na kodi ni 100,000, je, aweza kulipa? Atajibu kwamba aweza, tena zitabaki 160,000. Mwalimu atampa alama zote. Walakini jibu hilo si kweli, na hapo ndipo penye kiini cha habari yangu. Kwetu kodi hailipwi mwezi kwa mwezi. Hulipwa ya miezi 6 kwa mkupuo, na mahali pengine ya mwaka mzima. Tena kama chumba kimetafutwa na dalali, yeye naye huchukua kodi ya mwezi mmoja. Basi mtu anayehamia vyumba viwili vya 50,000 hupaswa kutoa Sh. 700,000/- kabla hajaingiza hata ndoo. Kwa baba hiyo ni karibu mishahara ya miezi 3, kama hatukula wala hatukupanda daladala.

Nitaeleza jinsi jambo hili lilivyokuwa likizo ya Desemba. Nilishuka basi stendi ya Magufuli kule Mbezi, nikapanda daladala mbili mpaka Rangi Tatu, nikafika nyumbani usiku. Nikaona mama hakunichangamkia kama siku zote. Asubuhi nikajua sababu. Kodi yetu ilikuwa inaisha tarehe 31, na mama mwenye nyumba alikuwa amesema kwamba kuanzia Januari kila chumba ni Sh. 60,000/-. Vyumba viwili, miezi 6, jumla Sh. 720,000/-. Ndani mlikuwa na Sh. 350,000/-.

Mama yumo katika upatu wa wanawake 10. Kila mwezi kila mmoja hutoa Sh. 30,000/-, na zile 300,000 hupewa mmoja kwa zamu. Wale wanaouona upatu kuwa mchezo wa akina mama wafikiri tena: kazi yake ni kuzigeuza fedha za vipande vipande kuwa fedha ya mkupuo, nayo ndiyo fedha inayotakiwa na kila mtu mwenye mlango wa kupangisha. Bahati mbaya zamu ya mama ilikuwa Machi. Akaenda kwa mwenzake aliyekuwa na zamu ya Januari, akamwomba wabadilishane. Yule mama alikubali, akapewa Sh. 20,000/- za asante. Tukawa na 630,000. Zilizopungua ni 90,000. Basi baba akafungua bahasha iliyokuwa juu ya kabati, akahesabu noti, zikawa 90,000 kamili. Ilikuwa nauli yangu ya kurudi shuleni, pamoja na fedha za viatu na madaftari, ambazo alikuwa akiziweka tangu Septemba.

Nilifika shuleni siku 9 baada ya kufunguliwa. Mwalimu wa zamu aliponiuliza nilisema nilikuwa na homa. Namwomba radhi hapa gazetini, maana sikuwa na homa.

Siku zile nilimkasirikia sana mama mwenye nyumba, nikawa nampita barazani bila kumwamkia kwa moyo. Yeye ni mjane wa makamo ya bibi yangu. Jioni moja akaniita, "Mjukuu wangu, njoo unisomee karatasi hii, macho yangu hayaoni vizuri." Ilikuwa karatasi ya duka la vifaa vya ujenzi: saruji, nondo, mabati, na chini yake deni alilokuwa bado kulilipa. Alikuwa akijenga vyumba viwili vingine uani. Nikamwuliza kwa adabu, kwa nini asichukue mkopo benki akatuachia sisi tulipe kila mwezi? Akacheka. "Wewe waiona nyumba. Benki waniona mimi, bibi kizee asiye na hati. Benki yangu ni baba yako."

Maneno hayo yalinikaa kichwani. Sehemu kubwa ya Mbagala haikupimwa kabla watu hawajajenga. Wengi hawana hati ya miaka 99 bali barua ya mauziano iliyoandikwa mbele ya mjumbe, au leseni ya makazi ambazo serikali ilianza kuzitoa miaka ya 2000 kwa wenye nyumba katika sehemu zisizopimwa. Kwa karatasi kama hizo ni shida kupata mkopo wa miaka mingi. Basi mwenye nyumba akitaka bati, hutazama wapangaji wake. Kodi ya miezi 6 ambayo mpangaji huilipa mapema ni mkopo anaompa mwenye nyumba, tena bila riba, naye hurudishiwa kwa kulala. Yaani mtu wa mshahara wa 260,000 ndiye anayemkopesha mwenye nyumba. Sikuacha kukasirika, ila sikujua tena nimkasirikie nani.

Wengine husema serikali itunge sheria. Zamani ilikuwako. Sheria ya kuzuia kodi ya mwaka 1984 iliweka baraza la nyumba, na mpangaji aliyepandishiwa kodi kupita kiasi aliweza kushitaki huko. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Leo ugomvi waweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko jambo la kwanza kutazamwa ni mkataba mliotia sahihi. Mkataba wetu ni karatasi moja iliyochanwa katika daftari langu la Jiografia. Kwa maoni yangu, kumlazimisha mwenye nyumba apokee kodi ya mwezi mmoja mmoja, bila kumpa mahali pengine pa kukopa, kungesimamisha vyumba vingi kwenye msingi. Lakini miezi 3 badala ya 6 ingewezekana, na baba hangefungua ile bahasha.

Je, kununua nyumba? Hapa nawaomba mchukue kalamu. Tuseme pana nyumba ndogo ya Sh. 50,000,000/-, na benki yakubali kumpa mtu mkopo wote. Riba ya mikopo ya nyumba katika miaka ya karibuni imekuwa kati ya 13 na 19 kwa mia kwa mwaka. Tuchukue 15. Riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni Sh. 625,000/-. Bado hujapunguza deni hata kwa shilingi moja, na tayari umepita kima cha chini cha mtumishi wa umma, kile kipya cha 500,000. Ukitaka kumaliza katika miaka 20, kila mwezi utalipa kama Sh. 658,000/-, na mwisho utakuwa umelipa karibu milioni 158 kwa nyumba ya milioni 50. Nilimwonyesha mwalimu wetu wa Hisabati hesabu hii nikidhani nimekosea. Aliipitia, akanirudishia, akasema yeye naye amepanga.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya mikopo ya nyumba ilitungwa mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya TMRC ya kuzipa mabenki fedha za kukopesha kwa muda mrefu. Kwa hiyo leo mkopo wa miaka 20 upo, ambao zamani ilikuwa shida kuusikia. Ila upo juu, kama embe lililoiva kileleni.

Wazee wetu walijaribu njia nyingine. Mwaka 1962 Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kuondoa vibanda vya makuti katika sehemu kama Magomeni na kujenga nyumba za matofali mahali pake. Watu waliozipata walizilipia kidogo kidogo kwa miaka mingi. Mwaka 1973 ikaja Benki ya Nyumba, ikakopesha wafanyakazi mpaka ilipokufa mwaka 1995. Kuanzia mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja vyenye barabara na maji vilipimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikatiwa barabara na mabomba bila kuwafukuza wenyeji. Mipango hii ilifanana kwa jambo moja: ilijaribu kuikata bei kubwa iwe vipande ambavyo mkono wa mfanyakazi waweza kuvishika. Mbona haikutosha? Nafikiri ni kwa sababu mji ulikimbia kuliko mipango. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967 Dar es Salaam haikufika watu laki 3. Ile ya mwaka 2022 ilipata watu 5,383,728. Tena viwanja vilivyokusudiwa watu wa kipato kidogo vingi viliishia kwa wenye kipato kizuri, na leo mtu wa mshahara wa baba hupita Sinza akielekea kwingine.

Magomeni yafaa nirudi kidogo, maana wengi wenu mmeziona picha za maghorofa yake. Pale palikuwa na nyumba za zamani za kota, za chini. Mwaka 2011 wakazi waliondolewa ili zijengwe mpya, zikabomolewa, kisha uwanja ukakaa mtupu miaka kadhaa. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliagiza Wakala wa Majengo ajenge, na Machi 2022 Rais Samia akazifungua nyumba za familia 644. Ni nyumba nzuri, na waliopewa nafasi ya kwanza ni wale wakazi wa zamani. Nafurahi kwa ajili yao. Lakini mtoto aliyeondoka pale akiwa darasa la kwanza alirudi akiwa amekwisha maliza Kidato cha Nne, nao ni familia 644 katika mji wa watu milioni 5 na zaidi.

Basi mfanyakazi wa kawaida hufanyaje? Hujenga. Na hujenga kwa namna ile ile anavyokula, yaani leo kidogo na kesho kidogo. Mwaka 2022 baba alipata kiwanja ng'ambo ya Vikindu, wilaya ya Mkuranga, ambako si Dar es Salaam tena bali Mkoa wa Pwani. Ukubwa wake hatua 20 kwa hatua 20. Ndivyo viwanja vya huko vinavyopimwa, na ni heri kununua kwa mtu mwenye miguu mirefu. Bei Sh. 1,800,000/-, na mwenye shamba alikubali apokee Sh. 50,000/- kila mwezi kwa miaka 3. Hakuna benki wala ofisi ambayo ingempa baba masharti hayo. Mzee yule alimpa kwa sababu naye alikuwa na wajukuu wanaosoma.

Walimu wa Jiografia huita jambo hili ujenzi holela, nao wasema kweli: hakuna barabara, maji ni ya kisima, na gari la zimamoto halitafika. Lakini viwanja vilivyopimwa vizuri navyo vilitaka fedha ya mkupuo. Ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulitoa viwanja Bunju, Mbweni, Toangoma, Kibada na kwingineko, na mafundi waliojenga huko si wao waliovinunua. Mtu asiye na mkupuo humwendea anayepokea vipande, hata kama njia ya kwake ni ya kuruka madimbwi.

Fundi alituambia kwamba nyumba ya vyumba viwili na sebule yataka matofali kama 1,600. Tofali moja tulinunua Sh. 1,300/-. Baba alipanga kununua 40 kila mwezi, yaani Sh. 52,000/-. Ukigawanya, wapata miezi 40, na hapo bado bati, mbao na milango. Siku tutakapohamia, nauli ya baba kwenda kazini itakuwa Sh. 2,600/- kwa siku badala ya 1,200 anazotumia sasa, na itambidi aamke saa 9 usiku. Nimemwambia kwamba atakuwa amehama katika kodi ya nyumba na kuingia katika kodi ya daladala. Akajibu kwamba kondakta hajawahi kumdai nauli ya miezi 6.

Jumapili iliyopita mama alinipigia kwa simu ya mwalimu wa bweni. Matofali yalikuwa yamefika 320, lakini usiku mmoja watu waliiba 11. Baba amepanda minyaa pande mbili za kiwanja, na upande wa tatu ataupanda mwisho wa mwezi. Kodi yaisha tarehe 30 Juni.